Kuondoa Takataka Kubwa Mtoni kwa Kayaki na Mashua za Mpira: Mwongozo kwa Vikundi vya Kujitolea vya Sagana na Tana ya Juu

Mto Sagana, ambao ni sehemu ya mwanzo ya Mto Tana, umekuwa kwa miongo kadhaa uwanja wa wapiga makasia wa Kenya, kwa kuwa uko takriban kilomita 100 tu kutoka Nairobi na una maporomoko ya kila daraja, kuanzia yale anayoyamudu mwanagenzi hadi yale yanayowatoa jasho waliobobea. Wapiga makasia hao huuona mto mahali ambapo hakuna barabara wala kijia, na kwa hiyo wao ndio huwa wa kwanza kukutana na tairi la lori lililobanwa kati ya miamba miwili, friji iliyolala kifudifudi kwenye maji ya magotini, au godoro lililojiviringisha kwenye nguzo ya daraja. Kuokota chupa na mifuko ni kazi anayoiweza yeyote mwenye gunia na buti. Kipande chenye uzito wa kilo 50 au 300 ni kazi ya aina nyingine, na mwongozo huu unahusu kazi hiyo peke yake.

Kuna jambo moja ambalo kikundi kinapaswa kukubaliana nalo kabla ya kununua hata kamba ya kwanza: kipande kikubwa hutolewa na watu walioko ukingoni, kwa kamba na kwa subira, na chombo cha majini huwafikisha tu wale wachache wanaokwenda kuifunga kamba hiyo. Kikundi kinachotegemea misuli ya wapiga makasia, yaani kila mtu anaruka majini na kuanza kusukuma, huwa kimechoka kufikia saa nne asubuhi, na uchovu ndani ya maji yanayotembea ni hatari kubwa kuliko takataka yenyewe.

Faida ya kazi hii si ya macho tu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini ya tuta kuzibwa na uchafu, yalipasua na kuwaua makumi ya watu waliokuwa usingizini. Kizuizi cha namna hiyo kwa kawaida huanza na vipande vichache vikubwa, gogo au tairi au bati, ambavyo hunasa nguo, matawi na plastiki mpaka mwanya unafungika. Kwenye Tana, kile ambacho hakikunaswa na daraja lolote huteremka hadi Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ambalo ndilo la kwanza kati ya mabwawa makubwa matano yaliyofuatana kwenye mto huo.

Msimu, ukaguzi na ruhusa

Miezi ya kufaa ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, wakati mvua za masika na za vuli zimepita, maji yamepungua na vipande vilivyozama vimeanza kuonyesha migongo. Hata hivyo, jua kali Sagana halina maana kwamba mto uko salama, kwa kuwa maji yake hutoka kwenye miteremko ya Mlima Kenya na ya Aberdare, na mvua iliyonyesha huko juu jana jioni inaweza kuwafikia leo bila wingu hata moja juu ya vichwa vyenu. Chomekeni kijiti ukingoni, pale hasa maji yanapoishia, na mmoja wenu akitazame kila baada ya nusu saa. Maji yakipanda upana wa kiganja, au yakigeuka ghafla kuwa na rangi ya udongo na kuanza kubeba majani na vijiti, kazi inaishia hapo na watu wote wanatoka.

Ukaguzi ufanyike takriban wiki moja kabla ya siku ya kazi, na watu watatu au wanne wenye uzoefu wanatosha. Kwa kila kipande waandike mahali kilipo kwa kutumia simu, wapige picha kutoka juu na kutoka chini ya mkondo, wakadirie uzito, na zaidi ya yote wajibu swali moja: ni kitu gani kinachokishikilia? Tairi lililolala juu ya mchanga na tairi lililofukiwa nusu kwenye mchanga huo ni kazi mbili tofauti, na tofauti yake inaweza kuwa dakika kumi au mchana mzima. Watazame pia kama ukingoni kuna mti hai wenye shina nene au mwamba imara wa kufungia kamba, na kama gari linaweza kufika karibu. Kipande ambacho hakina njia ya kutokea nchi kavu hakina haja ya kufunguliwa, kwa sababu mtakuwa mmekihamisha tu kutoka matatizo ya hapa kwenda matatizo ya kule chini.

Ruhusa huombwa mapema na kwa heshima. Mashamba mengi ya Kirinyaga na Murang'a yanashuka hadi majini, kwa hiyo mpigieni hodi mwenye shamba kabla ya kupita kwake na kamba na mitaimbo; mara nyingi mzee huyo anafahamu kila mwamba wa sehemu hiyo na atawaambia ni bomba lipi ni la pampu yake inayofanya kazi na lipi limetupwa. Mwelezeni chifu, na pia jumuiya ya watumiaji maji ya sehemu hiyo, ambayo inatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016 na ndiyo yenye mawasiliano ya karibu na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mkikuta gari, silaha au mwili wa mtu, msiguse chochote na muwaite polisi. Pipa lililofungwa lenye alama ya sumu, au lisilo na alama lakini lenye harufu ya dawa, lisifunguliwe wala lisitobolewe. Lifungeni lisiondoke na mtoe taarifa kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Vinavyopaswa kuachwa

Sehemu hii huwakera wenye bidii, lakini nadhani ndiyo inayotofautisha kikundi kinachoujua mto na kikundi kinachotaka picha nzuri. Mti ulioanguka na ambao mizizi yake bado imeshika ukingo si takataka. Huzuia udongo usimomonyoke, na chini yake samaki hupata kivuli na mahali pa kujificha. Toeni tairi na nguo zilizonaswa matawini mwake, kisha uacheni, isipokuwa umeziba daraja au umelala katikati ya njia pekee ya mashua; na hata hapo, kukata tawi moja au mawili huwa kunatosha. Magogo makavu yenye mapango yakaguliwe kwa mbali kwanza, kwa sababu nyuki hupenda kukaa humo, na mtu aliyevamiwa na nyuki akiwa juu ya mashua hana pa kukimbilia ila majini. Mitego ya samaki, mabomba ya kumwagilia na vipande vya zege vilivyokwisha kuota nyasi navyo viacheni.

Vifaa

Kila mtu anayekaribia maji, hata yule wa ukingoni, avae jaketi la kuokoa maisha lililofungwa vizuri, kofia ngumu, viatu vilivyofunika vidole na glavu nene. Kisu kifupi kiwe kifuani mahali mkono wowote unaweza kukifikia, kwa kuwa kazi yoyote ya kamba majini ni kazi ya kukata kamba siku mambo yakiharibika. Filimbi zigawiwe na maana zake zikubaliwe: mlio mmoja, nitazameni, milio mitatu, hatari.

Kuhusu kamba, msifanye ubahili. Kamba ya katani huoza ndani kwa ndani huku nje ikionekana nzima, na kamba ya nailoni hunyumbuka sana, kiasi kwamba ikikatika hurudi kwa kasi ya kuvunja mfupa. Kwa kuvutia, tafuteni kamba isiyonyumbuka, yenye unene wa milimita 11 au 12 na urefu wa mita 50 hivi, pamoja na nyingine ya akiba. Kwa uokoaji, mfuko wa kamba ya kurusha, ambayo ni ya aina inayoelea, uwe mkononi mwa mtu ambaye amefanya mazoezi ya kuurusha. Ongezeni roda mbili za chuma, yaani magurudumu ya kupitishia kamba, karabina (pete za chuma za kuunganishia kamba) zenye kifungo, mikanda mipana ya kuzungushia mti ili ganda lisichubuke, mtaimbo, msumeno wa mkono, mkasi wa kukatia waya, na mitungi tupu ya plastiki ya lita 20 yenye vifuniko visivyovuja. Kazi ya mitungi hiyo nitaieleza baadaye.

Kwa upande wa vyombo, kayaki ndogo ya maporomoko hufika popote lakini haibebi kitu. Wapeni waendeshaji wake kazi ya kupeleka kamba na kulinda usalama. Mzigo ubebwe na mashua ya mpira, ambayo sakafu na mbavu zake zifunikwe kwa mkeka wa zamani au magunia mawili matatu, kwa sababu ncha moja ya waya wa seng'enge inaweza kuitoboa. Kwenye maji tulivu, mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa nguzo mbili zilizofungwa kingo kwa kingo hubeba vizuri kuliko mashua ya mpira na ni vigumu kupinduka.

Kupanga watu

Katika kikundi chochote, kiongozi wa siku ni mmoja, na neno lake la kusimamisha kazi halijadiliwi. Mlinzi wa juu akae mita mia moja hivi juu ya eneo la kazi, aangalie magogo yanayokuja na wapiga makasia wengine wanaoteremka bila habari. Walinzi wawili wa chini, mmoja kila ukingo ikiwezekana, wakae na kamba za kurusha mahali ambapo mtu aliyebebwa na mkondo atapita karibu nao, na kayaki moja isubiri kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mwamba. Walinzi hao hawaombwi kuja kusaidia kuvuta, hata kazi ikiwa imebakiza kidogo tu. Waliobaki wote ni wa kamba.

Hatari kubwa kuliko zote ni mti au lundo la matawi ambalo maji hupita katikati yake kama chai kwenye chujio, lakini mtu hapiti. Msilikaribie lundo la namna hiyo kutoka juu ya mkondo, iwe kwa chombo au kwa kuogelea. Njia ni kutoka chini, au kutoka ubavuni kupitia maji yanayorudi nyuma ya mwamba. Na mtu yeyote asisimame kwenye mkondo wenye nguvu uliompita magoti, kwa maana mguu ukinaswa kati ya mawe, maji humlaza kifudifudi na kumshikilia hapo hapo.

Namna ya kuvuta

Inafaa kufahamu mnashindana na nini. Maji yanayotembea mita 1 kwa sekunde, yakigonga ubavu wa friji wenye ukubwa wa mita 1 ya mraba, huusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 60. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, yaani inapita kilo 200. Ndiyo sababu kuvuta moja kwa moja dhidi ya mkondo mara nyingi hakuzai kitu. Tafuteni ncha iliyo huru, fungeni kamba hapo, na mvute kwa mshazari kuelekea ukingoni, ili kipande kizunguke kwenye pale kiliponaswa. Kikishageuka na kuukabili mkondo kwa upande wake mwembamba, nguvu ile hupungua ghafla, na maji yenyewe huanza kuwasaidia kukisukuma kuelekea kando.

Ikiwa watu sita wakivuta kamba moja hakijitikisi, msiongeze watu, wekeni roda. Kamba iliyofungwa kwenye kipande ije ukingoni na kupita kwenye roda ya kwanza iliyofungwa mtini kwa mkanda mpana. Kutoka hapo irudi kuelekea mtoni na kupita kwenye roda ya pili, ambayo imeshikizwa juu ya kamba hiyo hiyo kwa kitanzi cha kamba nyembamba kilichozungushwa mara tatu ili kibane kinapovutwa. Kisha mwisho wa kamba uelekezwe tena nchi kavu, mikononi mwa wavutaji. Kwa hesabu, kila kilo inayovutwa inakuwa tatu kwenye kipande, ingawa msuguano hula sehemu yake; malipo yake ni kwamba mtavuta mita tatu za kamba ili kipande kisogee mita moja. Roda ya pili ikiikaribia ile ya kwanza, zuieni kamba, kisogezeni kitanzi kile upande wa mtoni, na mwanze upya. Si kazi ya haraka, na haipaswi kuwa.

Wakati kamba imekaza, mtu yeyote asisimame sambamba nayo wala ndani ya pembe inayotengenezwa na roda, na hakuna ruhusa ya kuizungusha kiganjani. Tundikeni jaketi au gunia lililolowa katikati ya kamba, ili ikikatika uzito huo uiangushe chini badala ya kuiacha iruke. Kamwe mtu asifungwe kwenye kamba ya kuvutia.

Matairi huonekana mepesi kuliko yalivyo, kwa kuwa tairi la gari dogo lina uzito wa kilo kumi hivi likiwa kavu, lakini likijaa tope na mchanga mtu mmoja hawezi hata kulisimamisha. Msilinyanyue likiwa limelala. Liinueni upande mmoja kwa mtaimbo mpaka lisimame wima, likiwa bado majini, halafu lizungusheni polepole huku mkondo ukiosha tope lililomo. Maji ya rangi ya kahawia yatatoka kwa dakika kadhaa, kisha yatasafika, na hapo ndipo mtasikia uzito umepungua. Mkiwa na msumeno, toboeni tundu upande wa chini ili maji yamwagike mnapolitoa.

Friji na mapipa yana tatizo jingine: lita moja ya maji ni kilo moja, na uzito huo haujitokezi mpaka kitu kinapotoka majini. Pipa la lita 200 lililojaa linaweza kuvutwa kwa wepesi hadi ukingoni, kisha likawashinda kabisa kwenye mteremko wa mwisho. Liacheni likae nusu majini, liinamisheni mdomo chini, na msubiri limwage. Friji ifungwe mlango wake kwa kamba kabla ya kuguswa, isije ikafunguka na kushika maji, na mabomba membamba ya nyuma yasikatwe, kwa sababu huenda bado yana gesi.

Sasa mitungi. Kipande kilichozama kwenye maji tulivu, mbali na mkondo, kinaweza kufanywa kielee bila kuvutwa. Mtungi wa lita 20 uliofungwa vizuri na kuzamishwa wote hunyanyua karibu kilo 19, kwa hiyo mitungi kumi iliyofungwa kuzunguka kipande, miwili miwili pande zinazokabiliana, inaweza kuinua karibu kilo 190. Ifungeni karibu kabisa na kipande, kwa sababu mtungi unaoelea juu ya maji haunyanyui chochote. Kwenye maji yanayokimbia msiitumie mbinu hii, kwani kipande kilichoelea kitawatoroka na kuwa hatari kwa aliye chini.

Lundo lililochanganyika lifumuliwe kuanzia vipande vya juu vilivyolegea. Mara nyingi gogo moja ndilo linalobeba mengine yote, na likitolewa mapema lundo zima huondoka kwa pamoja. Likitambuliwa, liachwe la mwisho na livutwe kwa kamba huku watu wote wakiwa nje ya maji. Magodoro na nguo zilizojisokota kwenye nguzo za daraja hazivutwi, hukatwa vipande, na kila kipande kiingizwe kwenye gunia papo hapo.

Baada ya kutoka majini

Gari liwe limepangwa kabla tairi la kwanza halijatolewa. Kikundi kikirundika takataka ukingoni na kuondoka, mvua ya kwanza huzirudisha mahali pake. Kama gari litakuja kesho, zipandisheni juu ya alama ya mafuriko, ambayo huonekana kwa urahisi ukitazama juu: ni mstari wa majani makavu, nyuzi za plastiki na vipande vya nguo vilivyoning'inia matawini, mara nyingine juu kuliko kichwa cha mtu. Vyuma viuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni, kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2015, na mpate risiti. Mafundi wa akala watachagua baadhi ya matairi. Yanayobaki yapelekwe kwenye jaa linalotambuliwa na kaunti, na yasichomwe, hata mwenye shamba akiwasihi myachome hapo hapo.

Kabla ya watu kutawanyika, waoge kwa maji safi na sabuni, na kila mchubuko usafishwe hata kama ni mdogo. Aliyejikata kwa chuma na hana kumbukumbu ya chanjo ya pepopunda aende zahanati siku hiyo hiyo. Homa inayoanza ndani ya wiki mbili au tatu zinazofuata, ikiambatana na maumivu ya misuli, isidhaniwe kuwa malaria moja kwa moja. Mgonjwa amweleze daktari kwamba aliingia mtoni, kwa sababu mkojo wa panya hueneza majini ugonjwa ule ambao Watanzania huuita homa ya mgunda. Kichocho nacho kimejulikana kwa muda mrefu katika eneo la Mwea, ambako maji ya mifereji ya mpunga yanatembea taratibu na konokono wanazaliana. Minyoo yake huchukua wiki kadhaa kukomaa, na kipimo kikifanywa mapema mno hakionyeshi kitu, kwa hiyo andikeni katika daftari la kikundi tarehe ya miezi mitatu baadaye, na kila aliyelowa siku hiyo akapimwe, awe anajisikia mgonjwa au la.